Keki Alikula Boza, Kura Alimpa Nani?

Nilisoma Kigogo nikiwa kidato cha tatu, mwaka wa 2017, na karo ya muhula ule ililipwa na bursari. Mama aliamka alfajiri akaenda kupanga foleni mbele ya hema, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza hotuba za waheshimiwa mmoja baada ya mwingine, akapiga makofi kila alipotakiwa kupiga, ndipo akapewa hundi. Jioni ile ile nilikuwa juu ya kitanda changu hapa Majengo, Pumwani, nikisoma jinsi wananchi wa Sagamoyo walivyoletewa keki ya uhuru, na nikamdharau Boza kwa kuila. Nilimdharau kwa moyo wote. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuona uhusiano wowote kati ya keki yake na karo yangu.

Kwa ambaye hakupitia shule zetu miaka ile: Kigogo ni tamthilia ya Pauline Kea, na wote tuliofanya mtihani wa KCSE kuanzia 2018 hadi 2022 tuliisoma, tukaichambua, tukaikariri hadi ikatutoka puani. Sagamoyo ni mji mdogo unaotawaliwa na Majoka. Majoka amefunga soko la Chapakazi ambalo ndilo riziki ya watu, anataka kujenga hoteli ya kifahari pale pale, na wakati huohuo anaandaa sherehe ya miaka sitini ya uhuru. Upande wa pili wako Tunu na Sudi, vijana wanaotetea haki. Katikati wako wengine wote: Kombe na Boza wanaochonga vinyago, Asiya anayeitwa Mamapima kwa sababu ya pombe yake, na Ngurumo mlevi ambaye haoni kilichoharibika tangu soko lifungwe. Mwisho wa yote watu wanaisusia sherehe ya Majoka na kumfuata Tunu, mkuu wa polisi anakataa kuwafyatulia risasi, na kigogo anabaki peke yake.

Nimeirudia wiki hii kwa sababu nyumbani kumekuwa na ugomvi wa kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilifungua tena usajili wa wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025 baada ya kukaa muda mrefu bila makamishna, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Binamu yangu mdogo, miaka kumi na tisa, kitambulisho chake kimefika na yeye hataki hata kwenda kukichukua. Nyanya anamwona mjinga. Mimi, kama kawaida ya mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili akabaki na vitabu tu, nikakimbilia rafuni kutafuta kitabu cha kunisaidia kubishana. Nikarudi na Kigogo. Nilipoimaliza niligundua kwamba haiwezi kunisaidia, na ningependa kueleza kwa nini, kwa sababu naipenda tamthilia hii na nadhani kasoro yake ni kasoro yetu pia.

Jambo lenyewe ni hili. Katika Kigogo, uchaguzi unatajwa tajwa, lakini hatumwoni raia hata mmoja akipanga foleni, akitiwa wino kidoleni, akiingia kibandani. Jabali, aliyempinga Majoka kwa njia ya chama, ameshakufa kabla hatujafika. Na si Kea peke yake. Dada yangu alisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Wakubwa zake walisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Ukizipanga hizo tatu mezani utaona mtawala dhalimu, kijana jasiri, vibaraka, na umati unaoinuka mwishoni. Hakuna utawala hata mmoja kati ya hiyo mitatu unaoondolewa kwa kura. Yaani kwa takriban miaka ishirini Wizara imetufundisha siasa kwa vitabu vinavyomjua vizuri sana anayetawala na anayeasi, na visivyomjua kabisa anayepiga kura.

Lakini anayepiga kura ndiye ninayeishi naye.

Nyanya yangu amepiga kura Pumwani tangu ujana wake. Katika kampeni za 2022 alipokea leso tatu kutoka kwa wagombea watatu tofauti, paketi mbili za unga, na mia mbili mara kadhaa. Alizipokea mchana kweupe, mlangoni, huku akiwashukuru na kuwaombea dua. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni mbili au miaka sita jela. Nilimweleza. Akaniuliza hao wa kumfunga wataanzia nyumba gani, maana Majengo nzima itabaki tupu.

Ukimpeleka nyanya Sagamoyo, Kea atamweka wapi? Tamthilia ina viti viwili tu. Kuna kiti cha Sudi, anayeona kwamba keki ile ni makombo na kuikataa. Na kuna kiti cha Boza, anayeila na kufurahia. Anayekula amenunuliwa, anayekataa yuko huru. Sisi darasani tulijibu hivyo, na tulipata alama zetu. Hakuna mwalimu aliyetuuliza swali la pili: sawa, Boza amekula keki. Siku ya kura ikifika, akiwa peke yake na kalamu na karatasi, atampa nani?

Swali hilo halina jibu katika Kigogo kwa sababu haliulizwi. Kea hamfuati Boza hadi huko. Asiya naye anachorwa kwa rangi moja nzito: anauza pombe iliyohalalishwa na Majoka, anaipata kandarasi ya keki kwa njia za aibu, na mwisho anaomba msamaha. Ngurumo anauawa na chatu, na sisi tulicheka. Watu hawa ndio wengi katika mji wowote wa kweli. Wangekuwa na karatasi mikononi, wao ndio wangeamua. Badala yake wamewekwa Mangweni walewe, ili tuone jinsi Tunu alivyo na kazi ngumu.

Kuna mtu mmoja tu ambaye nusura aivunje hesabu hii, na ni Ashua, mke wa Sudi. Njaa inapozidi, watoto wakiwa hawana kitu, Ashua anamwendea Majoka kuomba msaada. Anaishia ndani. Na akiwa huko, amechoka na kupigwa, anamwambia mumewe kwamba ameshiba umaskini na anataka talaka. Nilipokuwa shuleni nilisoma sehemu hiyo kama udhaifu wa mke asiyeelewa mapambano ya mumewe. Sasa naiona kuwa sehemu ya kweli kuliko zote katika kitabu. Ashua anauliza gharama ya ushujaa inalipwa na nani jikoni. Tamthilia inamsikiliza kwa dakika chache, kisha inamtuliza na kuendelea na safari yake. Laiti ingemsikiliza zaidi, ingefika Pumwani.

Mwaka 2022 nilikuwa ajenti wa mgombea mmoja wa udiwani, yaani MCA, katika shule moja ya msingi hapa mtaani. Jina lake nalihifadhi. Niliahidiwa elfu moja na chakula; chakula kilikuja. Kituo chenyewe ndicho alichopigia nyanya, na usiku wa tarehe 9 Agosti nilikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la nne nikitazama karatasi zikiinuliwa moja moja hadi karibu na alfajiri. Kura sita kwa kila mtu: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge, MCA. Mikutanoni tulikuwa tumeambiwa tuvae suti nzima, tuchague chama kimoja toka juu hadi chini. Nilichokiona si suti. Kura za rais zilimiminika upande mmoja kama maji kwenye mtaro. Za mbunge zikaanza kugawanyika. Tulipofika kwa MCA zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Na mgombea aliyegawa unga mwingi kuliko wote katika mtaa wetu, ambaye leso yake nyanya huivaa hadi leo akikaanga viazi, katika chumba kile alishika nafasi ya tatu.

Chumba kimoja si utafiti, najua. Lakini kinatosha kuivunja imani niliyoipata kidato cha tatu, kwamba anayekula keki amekwisha kuuza kichwa chake. Watu walikula kwa watano wakapigia mmoja, na kila kura ilikuwa na sababu yake. Ukikaa na akina mama wa ploti yetu watakupangia bila kupepesa macho. Rais unampigia kwa sababu ya kabila, ya chama, ya nyumba mliyolelewa. Mbunge unamwangalia kwenye bursari na kwenye msiba. MCA ni yule anayeshika simu maji yakikatika. Huo si ujinga wa Ngurumo. Hesabu hiyo ina makosa yake, na nitayafikia, lakini ni hesabu.

Wala haikuanza jana. Pumwani ni mtaa wa zamani, umepangwa na wakoloni baada tu ya vita vya kwanza kwa ajili ya Waafrika wa mjini, na umekuwa na watu wa kila kabila tangu mwanzo. Mwaka 1961, katika jimbo la Nairobi East, Tom Mboya alisimama dhidi ya Dkt. Munyua Waiyaki. Wenye kuhesabu makabila walisema Mboya, Mjaluo, hawezi kushinda mahali ambapo Wakikuyu ni wengi hivyo. Alipata zaidi ya kura 31,000. Mpinzani wake hakufika 3,000. Baadaye Mboya aliwakilisha jimbo ambalo leo ni Kamukunji, letu, hadi alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Wapiga kura wa 1961 hawakuwa malaika. Walikula pilau za kampeni kama sisi. Ila kibandani walifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na waliweza kulifanya kwa sababu hakuna aliyewaona.

Hapo ndipo nyanya alipoipiga tamthilia teke moja ambalo nisingeweza kulipiga mimi. Nilikuwa namsimulia mwisho wake: Majoka na kikundi chake kidogo upande huu, umati wa Tunu upande ule. Akanikatiza. “Huo si ni mlolongo?”

Mlolongo, kwa mlio wadogo kama mimi, ni mtindo wa 1988. Katika mchujo wa KANU, chama kilichokuwa peke yake nchini, hakukuwa na karatasi. Ulisimama nyuma ya picha ya mgombea wako, uwanjani, jua likikuchoma, chifu na jirani na mwenye nyumba wakikuangalia. Kilichohesabiwa ni vichwa. Na bado foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu kweupe watu wakiangalia. Charles Rubia, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, alipoteza kiti chake cha Starehe mwaka huo. Miaka miwili baadaye yeye na Kenneth Matiba wakaitisha mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, wakawekwa kizuizini kabla haujafika, na watu wakaenda hivyohivyo tarehe 7 Julai 1990. Nyanya anasema mwaka ule wa mlolongo alisimama nyuma ya mtu ambaye hakumtaka, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama pale. “Siku hiyo ndiyo niliuza kura,” akasema. “Na sikulipwa hata kipande cha sabuni.”

Nimelifikiria neno hilo kuliko lolote nililolisoma chuoni kwa muda mfupi niliokaa. Mwisho wa Kigogo ni mlolongo. Kea anautaka uwe ushindi wa wananchi, na jukwaani unasisimua kweli, lakini kinachotokea ni kwamba watu wanahama kutoka picha moja kwenda picha nyingine mbele ya macho ya wote. Pengine jukwaa halina njia nyingine. Tamthilia ni sanaa ya kuonekana. Kibanda cha kura ni mahali pa kutoonekana. Mwandishi angemwonyeshaje Boza akiwa ndani, amegeuza mgongo, akisita na kalamu? Sijui kama ingewezekana, lakini natamani angejaribu. Kwa sababu mtu maskini ana sehemu moja tu nchini ambapo anaweza kula cha mtu na asimpe kitu, na sehemu hiyo ndiyo vitabu vyetu vya siasa havijawahi kuingia.

Sasa nije kwa binamu yangu, maana yeye hoja yake ni nyingine na ni nzito. Tarehe 25 Juni 2024 alikuwa mjini, akiwa na miaka kumi na minane, na maji ya chupa na bendera. Alirudi usiku, kiatu kimoja, hasemi. Nilipomwekea Kigogo mezani aliufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kama afanyavyo, akasoma, akanirudishia. “Hapa Kingi amekataa kupiga watu risasi,” akasema. “Wetu hakukataa.”

Sikuwa na la kumjibu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya vifo hamsini katika maandamano ya mwaka ule. Kingi ni mtu mmoja mwenye dhamiri aliyewekwa mahali pazuri na mwandishi, na kizazi kizima kilifanya mtihani juu yake. Tuliandika kwamba dhamira ya tamthilia ni umoja wa wanyonge, kwamba umati ukiungana kigogo huanguka. Halafu umati ukaungana, Mswada wa Fedha ukaondolewa, vijana wakazikwa, na vigogo wakarudi ofisini Jumatatu. Kigogo haina onyesho la Jumatatu. Pazia linashuka watu wakishangilia, na hatujui nani atalifungua soko, nani atatoza ushuru, nani atachaguliwa na kwa njia gani. Binamu yangu ameishi katika hiyo Jumatatu. Akisema kura ni upuzi, nusu ya sababu ni polisi, na nusu nyingine ni sisi tuliomfunza kungoja onyesho la mwisho.

Si kwamba nampa nyanya ushindi. Hesabu yake ya leso tatu ina shimo, na nimemwambia. Mama yangu anauza mitumba Gikomba. Soko hilo limeungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu kumi na watano. Kila baada ya moto waheshimiwa huja na mabati na blanketi, na kila uchaguzi mabati hayo hukumbukwa. Ukimpigia mtu kwa sababu alikuja na mabati, hutawahi kumuuliza kwa nini soko linaungua. Hapo Sudi yuko sahihi kuliko nyanya. Keki ni makombo, na mbaya zaidi, inakuzoesha kuhesabu makombo tu. Mimi mwenyewe ni ushahidi. Bursari ilinivusha sekondari, chuoni haikuja, nikaacha masomo. Nilikuwa nimezoea kumshukuru mtoaji kiasi kwamba ilinichukua miaka kujiuliza kwa nini karo ya mtoto iwe zawadi.

Kwa hiyo ningewashauri mlioisoma Kigogo kwa ajili ya mtihani muirudie bila mtihani. Someni Mangweni polepole. Msimcheke Ngurumo haraka. Kaeni na Ashua. Na mkifika kwenye keki, mjiulize nyumbani kwenu ililiwa nini. Tamthilia bado ina nguvu, hasa katika namna inavyoonyesha woga wa Majoka, na Tunu bado ni msichana ambaye ningependa awe na jina kwenye karatasi ya kura yangu. Lakini tunahitaji mtu atuandikie Boza mwenye siri.

Jana usiku niliuliza swali ambalo nimekuwa nalo tangu 2022. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni, leso ya mgombea yule wa nafasi ya tatu kiunoni. Nikamwambia, nyanya, mimi ndiye niliyekuwa ajenti, nilizitazama karatasi zote za chumba kile, na yako ilikuwa humo. Ulimpa nani?

Alinitazama kwa muda. “Wewe ulilipwa kuhesabu,” akasema. “Hukulipwa kujua.”

Binamu yangu, aliyekuwa akijifanya hasikii, alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kitambulisho chake bado kiko kwa chifu.